Rod Serling: Aliyewapa masokwe maneno waliyokatazwa watu

KATIKA makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, miaka ya tisini, palikuwa na banda la video lililoendeshwa kwa jenereta. Asiyekuwa na kiingilio alichungulia kwenye upenyo wa ukuta mpaka atimuliwe. Picha nyingi tulizotazama zilikuwa za ngumi na bunduki. Siku moja ikawekwa picha ya zamani ya Kimarekani ambayo ndani yake masokwe wanapanda farasi, wanavaa nguo na kuendesha mahakama, nao binadamu wanawindwa kwa nyavu kama swala.

Mwanzoni banda zima lilicheka. Mwishoni hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyekuwa amekimbia Burundi mwaka 1972 alitoka nje akisema kwamba masokwe wale anawafahamu, amewahi kuishi nao jirani.

Mimi nilizaliwa hukohuko ukimbizini na kusomea hukohuko, na wakati ule sikumwelewa mzee. Ilinichukua miaka mingi, nimekwisha kurejea nyumbani na kushika chaki, ndipo nikasoma habari za mtu aliyekuwa wa kwanza kuigeuza hadithi ile kuwa ya sinema. Jina lake ni Rod Serling. Msomaji, maisha ya mtu huyu yanafaa kusimuliwa katika nchi kama yetu, kwa sababu kazi yake yote ilihusu swali moja: jirani anageukaje kuwa adui?

MTOTO WA BINGHAMTON

Rodman Edward Serling alizaliwa Desemba 25, 1924, katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake, Samuel na Esther, walikuwa Wayahudi, na alikuwa na kaka mmoja, Robert, ambaye naye baadaye alikuwa mwandishi. Rod akiwa bado mdogo familia ilihamia Binghamton, mji mwingine wa jimbo hilohilo. Huko baba yake alifanya biashara ya duka la vyakula, na baadaye bucha.

Alikuwa mtoto mfupi, msemaji, asiyenyamaza nyumbani wala shuleni. Binghamton ulikuwa mji mtulivu na Serling aliupenda hadi kufa kwake. Lakini hata huko alipata funzo lake la kwanza. Akiwa shule ya sekondari alinyimwa nafasi ya kujiunga na chama cha wanafunzi wenzake kwa sababu ni Myahudi. Hakupigwa wala kutukanwa hadharani. Mlango ulifungwa tu, na wale waliokuwa ndani waliendelea kumsalimia njiani kama kawaida.

Alipomaliza shule mwaka 1943 alijiandikisha jeshini mara moja. Alitamani kupelekwa Ulaya kupigana na Wajerumani wa Hitler. Badala yake aliwekwa katika kikosi cha askari wa miavuli na kupelekwa Bahari ya Pasifiki, kupambana na Wajapani huko Ufilipino. Alipigana katika kisiwa cha Leyte na kisha katika mapigano ya kuukomboa mji wa Manila. Alijeruhiwa, akatunukiwa nishani ya Purple Heart, na goti lake halikupona vizuri maisha yake yote.

Jambo lililomuumiza zaidi halikuwa risasi. Huko Leyte alishuhudia rafiki yake akiuawa, si na adui, bali na sanduku la chakula lililodondoshwa na ndege ya jeshi lao wenyewe. Mwaka 1945 baba yake alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, naye kijana akiwa bado mbali vitani. Alirudi nyumbani na ndoto mbaya zilizomwamsha usiku kwa miaka mingi. Aliyeishi ukimbizini anajua usiku wa namna hiyo.

Baada ya vita alisoma Antioch College, katika jimbo la Ohio, kwa msaada ambao serikali iliwapa wapiganaji waliorejea. Huko alianza kuandika michezo ya redio, na huko alimpata Carol Kramer, wakaoana mwaka 1948. Carol alikuwa Mprotestanti, na ndoa hiyo haikupokelewa vizuri na wazee wa pande zote mbili. Ikadumu hata hivyo, ikawapa mabinti wawili, Jodi na Anne.

MKASI WA WADHAMINI

Televisheni ya Marekani ya miaka ya hamsini ilikuwa na utaratibu wake. Michezo mingi ya kuigiza ilirushwa moja kwa moja, na kila kipindi kilikuwa na kampuni iliyokilipia ili itangaze bidhaa zake. Aliyelipa ndiye aliyesoma mchezo kabla ya kuonyeshwa, na ndiye aliyeshika mkasi. Mkasi ule ulifika mbali. Mwaka 1959 ulionyeshwa mchezo kuhusu kesi za Nuremberg, waliposhtakiwa wakubwa wa Hitler. Mdhamini alikuwa chama cha wafanyabiashara wa gesi. Neno gesi likafutwa katika sauti, katika mchezo unaohusu watu waliouawa kwa gesi.

Serling aling'ara mapema. Mwezi Januari 1955 ulionyeshwa mchezo wake Patterns, unaohusu ukatili wa ofisi kubwa, ambamo mzee aliyetumika miaka mingi anasukumwa nje ili kumpisha kijana. Watu waliupenda hata ukaigizwa tena baada ya majuma machache, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mwaka 1956 ukaja Requiem for a Heavyweight, habari ya bondia aliyechakaa. Kufikia hapo jina lake lilikuwa kubwa, na tuzo za Emmy zikaanza kumiminika. Katika maisha yake alipata sita.

Mwenye jina kubwa hudhani anaweza kusema neno zito, na Serling alijaribu.

Mwezi Agosti 1955 kijana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, Emmett Till, aliyekuwa amekwenda Mississippi kutembelea ndugu zake, alitekwa usiku, akapigwa, akauawa na kutupwa mtoni. Kosa lake ni kwamba alidaiwa kumkosea adabu mwanamke mzungu dukani. Wanaume wawili wazungu walishtakiwa. Wazee wa baraza wote walikuwa wazungu, nao wakawaachia huru baada ya kukaa faragha kwa muda unaozidi saa moja kidogo tu. Mji mzima ulijua ukweli, na mji mzima uliwafunika wauaji.

Serling aliandika mchezo kuhusu mji wa namna hiyo, akauita Noon on Doomsday. Habari zilipovuja kwamba unahusu kesi ya Till, barua za vitisho zilifika kutoka majimbo ya kusini, na mdhamini aliogopa kususiwa. Mkasi ukaanza kazi. Aliyeuawa akageuzwa kuwa mgeni tu asiyejulikana atokako. Mji ukahamishwa kutoka kusini hadi kaskazini kabisa mwa nchi. Hata chupa za soda zikaondolewa mezani, ati zinaweza kumkumbusha mtazamaji kusini. Ulipoonyeshwa Aprili 1956, mchezo haukuwa na mahali, haukuwa na rangi, na haukuwa na hatia ya mtu yeyote.

Mwaka 1958 alijaribu tena kwa mchezo uitwao A Town Has Turned to Dust. Safari hii hadithi ilirudishwa nyuma hadi karne ya 19, na aliyeuawa akafanywa Mmeksiko. Serling aliona wazi kwamba Mmarekani mweusi hangeruhusiwa kuwa mtu kamili katika televisheni, hata kama maiti.

KUPITIA MLANGO WA NYOTA

Hapo ndipo alipopata ujanja uliomfanya akumbukwe hadi leo. Aligundua kwamba wenye mkasi walitafuta majina ya vyama, majimbo na rangi za watu. Hawakutafuta chochote katika hadithi za roketi na viumbe wa sayari nyingine, kwa sababu waliziona ni za watoto. Basi maneno ambayo mwanasiasa wa Marekani hangeruhusiwa kuyatamka katika mchezo wake, angeyaweka kinywani mwa kiumbe wa Mirihi, na hakuna ambaye angestuka.

Oktoba 2, 1959, kituo cha CBS kilianza kurusha The Twilight Zone. Kipindi kilidumu hadi Juni 1964, sehemu 156, na kati ya hizo Serling mwenyewe aliandika 92. Yeye ndiye aliyekuwa akitokea mwanzoni, suti nyeusi, sigara mkononi, akimkaribisha mtazamaji katika nchi isiyo kwenye ramani.

Nitataja chache tu, kwa sababu hizo ndizo ninazowasimulia wanafunzi wangu.

Ya kwanza ilionyeshwa Machi 1960, nayo inahusu mtaa uitwao Maple. Ni jioni ya kawaida. Watu wanaosha magari, watoto wananunua barafu. Mara umeme unakatika, magari hayawaki. Mtoto mmoja anasema amesoma kitabuni kwamba wavamizi kutoka angani hutanguliza familia inayofanana na binadamu, ikae mtaani ikiwasubiri. Watu wazima wanacheka. Kisha gari la jirani mmoja linawaka lenyewe. Kwa nini lake? Jirani huyohuyo huwa anatazama angani usiku. Anamngoja nani? Mwingine ana redio nyumbani. Anazungumza na nani? Giza linapoingia, kivuli cha mtu kinaonekana kikija barabarani, na bunduki inalia. Aliyeuawa ni jirani yao aliyekuwa amekwenda mtaa wa pili kuangalia kama kuna umeme. Mwishoni tunaonyeshwa wavamizi wa kweli juu ya kilima, wakiwasha na kuzima taa tu. Hawana haja ya silaha.

Ya pili ilionyeshwa Novemba mwaka huohuo. Mwanamke amelazwa hospitalini, uso wote umefungwa bandeji. Amefanyiwa matibabu mara 11 ili afanane na wengine, maana serikali ya nchi ile haivumilii wasiofanana. Madaktari na wauguzi wanazungumza gizani, nyuso zao hazionekani. Bandeji inafunguliwa, na wote wanarudi nyuma kwa hofu. Kumbe yule mwanamke, kwa macho yetu, ni mrembo. Taa zinapowashwa tunaona nyuso za madaktari: pua kama za nguruwe, midomo iliyopinda. Matibabu yameshindikana, basi anahamishiwa katika kijiji cha watu wa aina yake.

Katika nchi zetu, ambako wakoloni Wabelgiji waliwahi kupima urefu wa watu na pua zao na kuandika matokeo kama sayansi, hadithi hiyo haihitaji maelezo marefu. Nilipoisimulia darasani mara ya kwanza, watoto walinyamaza. Mmoja akauliza kama katika kile kijiji waliruhusiwa kulima. Alikuwa mtoto wa warejea kama mimi.

Serling hakuishia kwenye mafumbo. Aprili 1960 alionyesha The Big Tall Wish, habari ya bondia mweusi aliyezeeka, Bolie Jackson, na mtoto wa jirani anayeamini kwamba ukitamani jambo kwa moyo wote litatokea. Mwigizaji mkuu alikuwa Ivan Dixon, na karibu waigizaji wote walikuwa weusi. Leo jambo hilo ni la kawaida. Mwaka 1960, mtu mweusi katika televisheni ya Marekani alikuwa mtumishi, dereva au mchekeshaji. Katika hadithi hii hakuna mtu anayetaja rangi hata mara moja. Kuna baba asiye na mtoto, mtoto asiye na baba, mama mwenye uchovu, na chumba cha kupanga. Serling alidai hadharani kwamba waigizaji weusi wapo na wanaweza, tatizo ni wale wanaogawa nafasi. Mwaka 1961 kipindi kilipewa tuzo kwa mchango wake katika mahusiano mema baina ya rangi.

Novemba 1961 alionyesha habari ya ofisa wa zamani wa Hitler anayerudi kuitembelea kambi ya Dachau, akitabasamu kwa kumbukumbu, na kukutana na wale aliowaua. Mwaka 1963 akaonyesha kijana wa Kimarekani anayejifunza kuhutubia kutoka kwa mtu aliyejificha gizani, mtu ambaye tulidhani alikwisha kufa Berlin.

MASOKWE NA SANAMU

Mwaka 1963 Mfaransa Pierre Boulle, aliyewahi kuwa mfungwa wa vita huko Indochina, alichapisha riwaya kuhusu sayari inayotawaliwa na masokwe. Serling alipewa kazi ya kuifanya iwe filamu. Aliandika na kuandika tena, rasimu baada ya rasimu. Katika rasimu zake masokwe walikuwa na mji wa kisasa wenye magari, lakini gharama zikawa kubwa mno, na mji ukageuzwa kuwa kijiji cha mawe. Kazi ikamaliziwa na Michael Wilson, mwandishi ambaye miaka ya nyuma alikuwa amefungiwa kazi Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti. Kwa hiyo hadithi ya Planet of the Apes ilipitia mikono ya watu watatu ambao kila mmoja aliwahi kufungiwa mlango kwa namna yake.

Katika rasimu za Serling ndimo ulimozaliwa mwisho unaojulikana dunia nzima. Mwanaanga Taylor, aliyeigizwa na Charlton Heston, anapanda farasi kandokando ya bahari akidhani yuko sayari ya mbali. Anaikuta Sanamu ya Uhuru ya New York imezama mchangani. Hakwenda popote. Ni nyumbani, baada ya watu kumalizana wenyewe.

Filamu ilianza kuonyeshwa Februari 1968. Aprili 4 mwaka huo Martin Luther King aliuawa mjini Memphis, na miji mingi ya Marekani ikawaka moto. Watazamaji walioona masokwe wamegawanyika kwa matabaka, orangutani wakishika dini na sheria, gorila wakishika bunduki na sokwe wa kawaida wakishika vitabu, hawakuhitaji kuambiwa hadithi inamhusu nani. Inasimuliwa kwamba hata wakati wa chakula cha mchana waigizaji, wakiwa bado wamevaa nyuso za bandia, walijikuta wakikaa gorila na gorila, sokwe na sokwe. Hakuna aliyewapanga.

Haki inanitaka niseme pia kasoro. Ndani ya chombo cha anga kuna wanaanga wanne. Mmoja ni mweusi, Dodge, aliyeigizwa na Jeff Burton, naye ni mwanasayansi mwenye kiu ya kujua. Kumweka msomi mweusi katika chombo kile mwaka 1968 lilikuwa jambo la maana. Lakini katika windo la kwanza anapigwa risasi na kufa, na baadaye tunamwona amekaushwa na kusimamishwa katika jumba la makumbusho, macho ya kioo. Mwanaanga pekee wa kike anakufa usingizini kabla hajasema neno. Mwanamke binadamu aliyebaki, Nova, ni bubu. Mwenye akili na ulimi ni sokwe wa kike, daktari Zira. Filamu iliyokemea ubaguzi haikuweza kuwaacha hai wale waliobaguliwa.

Na Serling mwenyewe hakuwa msafi. Ukizihesabu hadithi zake, nyingi mno ni za wanaume wazungu wenye huzuni, na wanawake wengi wanasimama pembeni. Alifungua mlango, wengi waliokuwa nje walibaki nje. Wengine walisukuma zaidi. Star Trek, iliyoanza mwaka 1966, ilimpa Nichelle Nichols, mwanamke mweusi, kiti katika chumba cha kuongozea chombo. Mwaka 1968 huohuo, Duane Jones, mwigizaji mweusi, aliongoza wazungu katika Night of the Living Dead, na hakuna aliyetaja rangi yake, kama ilivyokuwa kwa bondia Bolie miaka minane nyuma.

MWALIMU

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya raha kazini. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1973 alikuwa sura ya kipindi kingine, Night Gallery, lakini uamuzi haukuwa wake tena, na hadithi zake zilikatwa kama zamani. Desemba 1968 alialikwa kuhutubia chuo kimoja cha California. Alipotakiwa kusaini kiapo cha utii kwa serikali ndipo alipwe, alikataa. Akahutubia, akaondoka bila malipo.

Alichokipenda sasa ni kufundisha. Alikuwa akifundisha uandishi katika Ithaca College, jimboni New York, si mbali na mji wa utoto wake. Alivuta sigara kupita kiasi, na moyo uliomuua baba yake ulikuwa pia moyo wake. Mwezi Mei 1975 alipatwa na shambulio la moyo. Alifanyiwa upasuaji mjini Rochester, na Juni 28, 1975, akafariki dunia akiwa na miaka 50. Amezikwa Interlaken, New York.

Filamu za masokwe zimeendelea kutengenezwa, ya karibuni ikiwa ya mwaka 2024. Wengi wanaozitazama hawalijui jina lake, na pengine si neno.

Tuliporejea Burundi kutoka Tanzania, wenyeji wa mlima wetu walituita Watanzania. Kulikuwa na mashamba ya kugombea, na maneno yalianza kidogokidogo: fulani ana simu ya nini usiku, fulani anapata wapi fedha za mabati. Hakuna aliyekufa kwetu, nashukuru. Lakini nilizisikia zile sauti, na nilizitambua. Nilikuwa nimezisikia katika mtaa wa Maple.

Kila mwaka, muhula wa kwanza, nawasimulia wanafunzi hadithi ile hadi pale umeme unapokatika na gari moja kuwaka. Hapo nasimama. Nawapa karatasi, wenyeji na warejea wamekaa benchi moja, nawaambia waandike wangemwendea nani kwanza na wangemuuliza nini. Mwaka jana wanafunzi wanne waliandika kwamba wangekwenda kumsaidia jirani kuangalia gari. Mwaka huu walikuwa tisa.